Mrudishieni Belle wimbo wake

Kuna panya anayelia katikati ya filamu, na kwa miaka mingi watazamaji hawakuelewa analilia nini. Anaitwa Rizzo. Msichana mmoja ametoka tu kumwambia mchumba wake kwamba hawataoana tena, ameondoka zake kwenye theluji, na kufumba na kufumbua tunamwona panya amejiinamia, kwikwi zimembana, mwenzake Gonzo anambembeleza. Machozi yale ni mengi mno kwa maneno machache tuliyoyasikia. Unajihisi kama mtu aliyefika msibani amechelewa: wenzako wote macho mekundu, wewe ndiyo kwanza unavua viatu mlangoni.

Kilichokosekana hapo ni wimbo. Filamu yenyewe ni The Muppet Christmas Carol ya mwaka 1992, ambamo vikaragosi vya Jim Henson vinaigiza hadithi ya Charles Dickens kuhusu bahili Ebenezer Scrooge na mizuka iliyomtembelea usiku wa kuamkia Krismasi. Mwingereza Michael Caine ndiye Scrooge. Chura Kermit ni Bob Cratchit, karani wake anayelipwa kiduchu. Miss Piggy ni mke wa karani, na mtoto wao mgonjwa, Tiny Tim, ni chura mdogo aitwaye Robin. Nyimbo zilitungwa na Paul Williams. Mmoja kati ya hizo, ule anaouimba Belle, mchumba wa Scrooge wa enzi za ujana, uliondolewa kabla filamu haijaingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani tarehe 11 Desemba 1992. Kwa Kiingereza unaitwa When Love Is Gone. Kwetu tungeuita "Mapenzi Yakishakwisha".

Aliyetaka ukatwe ni Jeffrey Katzenberg, aliyekuwa akiziongoza studio za filamu za Disney wakati huo. Aliona ni wimbo wa watu wazima, kwamba watoto wadogo wangechoka na kuanza kujinyonganyonga vitini. Brian Henson, mtoto wa Jim, alikuwa kijana wa miaka 29 anayetoa filamu yake ndefu ya kwanza kama mwongozaji. Alikubali. Wimbo ukarudi kwenye kanda za video za nyumbani, kisha ukapotea tena zilipokuja diski za picha pana, na ikaja kugundulika kwamba hata filamu asilia ya kipande kile haijulikani iliko. Mwaka 2020 Brian Henson alitangaza kwamba imepatikana. Desemba 2022 Disney+ wakaweka filamu kamili, lakini waliiweka kwenye sehemu ya nyongeza, huko ambako mtu hufika baada ya kumaliza kila kitu kingine. Aliyebonyeza tu kitufe cha kutazama aliendelea kuletewa ile iliyokatwa.

Nasema ulikuwa uamuzi mbaya. Ukiuondoa wimbo wa Belle, hadithi ya Scrooge inabadilika na kuwa hadithi nyingine.

Tumtazame mzee mwenyewe. Scrooge ni mkono wa birika wa kiwango cha juu kabisa. Makarani wake, ambao kwenye filamu ni panya, wanapoomba makaa zaidi kwa sababu wino unaganda kwa baridi, anawatishia kuwafukuza kazi, nao papo hapo wanaanza kuigiza kwamba wako kisiwani wanaota jua. Usiku ule mzuka wa kwanza unamrudisha utotoni na ujanani, wa pili unamwonyesha Krismasi ya leo kwenye nyumba za wengine, wa tatu unampeleka kwenye kaburi lake. Asubuhi ameamka mtu mwingine.

Sasa swali: ni nini kilichombadilisha? Kwenye filamu iliyokatwa, jibu ni kaburi. Ameona jiwe lenye jina lake akaogopa. Na sote tunawajua watu walioogopa kufa wakawa wema kwa wiki mbili. Mgonjwa akiwa kitandani anaahidi sadaka, anaahidi kurudisha kiwanja cha ndugu zake, akipona anauliza kiwanja gani. Woga wa kaburi peke yake haujengi mtu. Dickens alilijua hilo, ndiyo maana mzuka wa kwanza ni wa yaliyopita. Kabla ya kuonyeshwa atakavyokufa, Scrooge lazima aonyeshwe kilichokwisha kufa ndani yake, na lini, na kwa mkono wa nani.

Kwenye kitabu, Belle anaketi kando ya Scrooge kijana amevaa nguo za msiba. Hana mahari ya kuleta kama desturi ya Kiingereza ya wakati ule ilivyodai. Anamwambia kwamba kuna sanamu nyingine imechukua nafasi yake moyoni mwake, sanamu ya dhahabu. Hagombi. Anamwachia huru, kwa sababu anajua kwamba Scrooge angekuwa anachumbia leo, kwa akili zake za leo za kupima kila kitu kwa faida, asingemchagua msichana asiye na kitu. Baadaye mzuka unamlazimisha Scrooge aone jambo la pili: Belle miaka mingi mbele, mke wa mtu, nyumba imejaa watoto na kelele, usiku uleule ambao Marley, mshirika wa Scrooge, yuko mahututi. Scrooge anashindwa kuvumilia. Anaikamata kofia ya mzuka na kuikandamiza kichwani pake ili nuru inayotoka hapo izimike.

Filamu haina kipande hicho cha pili. Hatumwoni Belle na mume, wala na watoto, wala Scrooge akipigana na nuru. Mzigo wote wa hasara ile ulikabidhiwa wimbo mmoja. Halafu wimbo ukakatwa.

Ndani ya wimbo wenyewe, Belle anaanza kumwimbia Scrooge kijana. Scrooge kijana hasubiri hata umalizike. Anageuka na kuondoka, kama mtu mwenye miadi ya biashara. Belle haachi kuimba. Na hapo ndipo Michael Caine, Scrooge mzee, anaposogea nyuma yake. Belle hawezi kumwona wala kumsikia, maana yeye ni kumbukumbu tu. Mzee anaanza kuyafuatisha maneno. Anayajua yote. Miaka yote ile ya kuhesabu pesa, maneno ya wimbo ule yalikuwa yamo humo ndani, hakuyasahau hata moja. Sauti yake si ya mwimbaji, ina mikwaruzo, na kabla ya mwisho inakatika. Anabaki anachezesha midomo tu huku machozi yanamtoka. Ndipo tunapoletewa panya akilia, na safari hii tunamwelewa. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Filamu iliyokatwa imemwondoa mfiwa, ikatuachia wa mbali peke yake.

Kuna hasara nyingine, ya kimuziki, inayojitokeza dakika za mwisho kabisa. Scrooge anaingia nyumbani kwa Cratchit na bata mzinga, wanaketi mezani, wanaimba. Wimbo wa kufungia filamu unasema mapenzi yamepatikana. Mahadhi yake ni yaleyale ya Belle! Paul Williams aliuchukua wimbo wa kuachwa, akaugeuza maneno, akaurudisha kama wimbo wa kupokewa. Mzee aliyeshindwa kuumaliza kwenye theluji sasa anaumaliza mezani, katikati ya watu. Kazi yote ya utunzi imeelekea hapo. Asiyemsikia Belle anapata wimbo mtamu wa kufungia na basi. Hajui kwamba kuna kitu kimerudishwa, kwa sababu hakuonyeshwa kilipochukuliwa.

Hii ndiyo nguvu ya filamu ya nyimbo ambayo kitabu hakina. Maneno yakirudiwa kitabuni, msomaji anayatambua kwa akili. Mahadhi yakirudi, mwili unayatambua kabla ya akili. Filamu nyingine ya nyimbo ya hadithi hiihii, Scrooge ya mwaka 1970 iliyoongozwa na Ronald Neame, ilitumia mbinu hiyo kwa ustadi mkubwa. Albert Finney, Scrooge wa humo, anawakuta watu wanacheza na kuimba asante barabarani. Anadhani wanamshukuru kwa jema fulani, anajiunga nao kwa furaha. Hajui kwamba wanacheza kwa sababu amekufa na madeni yao yamekufa naye, na jeneza lililo katikati yao ni lake. Mwishoni wimbo uleule unarudi, na sasa asante ni ya kweli. Leslie Bricusse aliutungia filamu ile, ukateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Jaribu kuwaza mtu angeukata mara ya kwanza akauacha wa mwisho. Ungebaki na umati unaoimba asante, hujui kwa nini moyo wako haujashtuka.

Nirudi kwenye hoja ya watoto, maana ndiyo iliyotumika kuua wimbo wa Belle, na ndiyo inayonigusa zaidi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitusimulia hadithi baada ya chakula cha usiku, chemli imepunguzwa utambi. Alianza kama wanavyoanza wote, "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!" Sehemu za mbio, za fisi kudanganywa na sungura, alizisema haraka kwa maneno ya kawaida, tunacheka. Lakini kulikuwa na hadithi ya msichana aliyefukiwa shimoni na wenzake kwa wivu, ambaye mdogo wake anapita juu ya shimo akichunga mbuzi. Bibi akifika hapo anapunguza mwendo. Hasemi tena. Msichana anaimba kutoka ardhini, na anayeimba ni bibi, kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa yake ya mchana. Sisi watoto ndio tulikuwa waitikiaji. Kiitikio chetu kilikuwa sauti ya yule mdogo wake akiuliza ni nani anayemwita. Nilikuwa na miaka mitano au sita. Nakumbuka binamu yangu aliimba kiitikio huku analia, na hakuna mkubwa aliyesema atolewe nje, wala bibi hakuruka kipande hicho siku nyingine kwa kuogopa kwamba tutachoka. Kesho yake tuliiomba hadithi hiyohiyo.

Ukisikiliza hadithi za kwetu, za pwani na za bara, utaona mara nyingi wimbo unakaa pale penye jeraha. Msimulizi anapofika kwenye jambo zito asiloweza kulisema kwa maneno makavu, analiimba, na watoto wanalibeba pamoja naye kwa kiitikio. Mwendo wa taratibu ndio unaompa mtoto nafasi ya kuingia. Kwa hiyo mtu anaposema wimbo wa huzuni unamchosha mtoto, mimi nashangaa ni mtoto yupi huyo.

Tena filamu yenyewe ilishalijibu swali hilo. Gonzo humo anajifanya ndiye Charles Dickens, anasimulia moja kwa moja kwa watazamaji, na sehemu kubwa ya maneno yake imetoka kitabuni. Rizzo ndiye mwitikiaji wake. Anauliza anayajuaje yanayotokea ndani ya nyumba ya mtu, anaogopa, anakula matufaha waliyokuwa wanauza. Mwandishi wa muswada, Jerry Juhl, sidhani kama aliwahi kuketi kwenye baraza ya bibi yeyote wa huku, lakini wawili wale ni paukwa na pakawa kabisa. Baada ya tukio moja la kutisha, panya anauliza kama isingebidi wawaonee wasiwasi watoto walioketi sinemani. Gonzo anamjibu kwamba hakuna shida, huu ni utamaduni. Wachekeshaji wale wawili waliwaamini watoto kuliko wakubwa wa studio walivyowaamini.

Na waliokata wimbo hawakuwa na msimamo hata kwa hoja yao wenyewe. Tiny Tim anakufa. Scrooge anapelekwa kwenye nyumba ya Cratchit ya siku zijazo, na watoto wanaotazama wanaona kigoda kitupu pembeni ya moto na gongo lisilo na mwenyewe. Wanamsikia Kermit akiwaambia wanawe, kwa sauti ya mtu anayejikaza, kwamba maisha ni kukutana na kuachana. Mzuka wa tatu hauna uso, ni giza ndani ya kofia, hata Gonzo na Rizzo wanaukimbia na kutuahidi kwamba tutaonana mwishoni. Yote hayo yaliachwa. Kifo cha mtoto kilionekana kinafaa kwa watoto, ila msichana anayesema "umeacha kunipenda" ndiye akaonekana mzito.

Nakubali kwamba wimbo ule ni wa polepole. Nakubali pia kwamba anayeuimba ni mtu, Meredith Braun, na watoto waliletwa sinemani kuona vikaragosi. Ila hakuna kikaragosi ambacho kingeweza kuubeba. Hapo ndipo pa mtu na mtu.

Caine alilielewa hilo tangu mwanzo. Brian Henson amesimulia mara nyingi kwamba Caine alipokubali kazi alisema ataigiza kana kwamba yuko na Royal Shakespeare Company, kundi mashuhuri la tamthilia la Uingereza, hatakonyeza macho hata mara moja, hatafanya kichekesho chochote cha kikaragosi. Akashika neno lake. Kwenye studio za Shepperton sakafu ilikuwa imeinuliwa na kuachwa na mianya, ili wachezesha vikaragosi wasimame chini na mikono yao iwe juu, na Caine alitembea juu ya mbao katikati ya mianya hiyo. Ukijua hivyo, utazame tena anavyomwinamia Kermit. Miguu yake iko kwenye ubao, pembeni kuna shimo lenye watu, na macho yake yanamtazama chura kama anavyotazamwa mfanyakazi mwenye mke na watoto. Mwigizaji wa namna hiyo ndiye aliyepewa wimbo wa kulia kwenye theluji, akalia kweli, na kazi yake ikawekwa kabatini.

Watu waliotengeneza filamu hii hawakuwa wanacheza na huzuni. Jim Henson, aliyewaanzisha Muppet na aliyekuwa sauti ya Kermit, alifariki New York tarehe 16 Mei 1990 akiwa na miaka 53, kwa maambukizi ya bakteria yaliyomwondoa ghafla. Aliacha maagizo kwamba kwenye ibada yake mtu asivae nyeusi. Katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane huko New York, waombolezaji walipeperusha vipepeo vya rangi vilivyofungwa kwenye vijiti, na wenzake wakaziimba nyimbo za vikaragosi vyake, kwa sauti za vikaragosi, mmoja baada ya mwingine. Ndege mkubwa wa manjano, Big Bird, aliingia na kuimba wimbo wa Kermit. Januari 1992 akafariki Richard Hunt, mmoja wa wachezeshaji wakuu, akiwa na miaka 40. Filamu imetolewa kwa kumbukumbu ya hao wawili.

Sasa kuna jambo ambalo nililijua nikiwa mtu mzima, na tangu nilijue sijaweza kulitazama tukio lile kama zamani. Kwenye kitabu mshirika aliyekufa ni mmoja, Jacob Marley. Filamu imewafanya wawili, ndugu, wakachezwa na vikaragosi viwili vya wazee wenye mdomo mchafu, ambao kwa kawaida hukaa roshani wakikebehi kila kitu, Statler na Waldorf. Wanatokea ukutani wakiwa wamefungwa minyororo na visanduku vya pesa, wanaimba, wanacheka, wanamwonya Scrooge. Waldorf alikuwa akichezeshwa na Jim Henson. Statler alikuwa akichezeshwa na Richard Hunt. Wenzao Dave Goelz na Jerry Nelson waliingiza mikono ndani ya vikaragosi vya marafiki zao waliokufa na kuwapa sauti, na nafasi waliyowapa ni ya marehemu wawili wanaorudi kuongea na aliye hai.

Kermit naye alihitaji mtu mpya. Steve Whitmire ndiye aliyemchukua, na filamu yake ndefu ya kwanza akiwa Kermit ikawa hii, ambamo chura anamzika mwanawe. Mtunzi Paul Williams, ambaye mwaka 1979 alishiriki kutunga wimbo wa Kermit na banjo yake kwenye kinamasi, alikuwa ametoka kwenye miaka ya ulevi na dawa za kulevya, akaacha mwaka 1990. Kazi ya kumwandikia nyimbo mzee aliyepoteza maisha yake kisha akaamka asubuhi akapewa nafasi ya pili ilimkuta akiwa katika hali hiyohiyo. Watu hawa walijua wimbo wa kuachwa unakaa wapi kwenye hadithi. Waliuweka mahali pake kwa mikono yao.

Haki inanilazimu niseme pia kile ambacho wao wenyewe walikiacha nje, maana ni kikubwa kuliko wimbo wa Belle.

Dickens aliandika kitabu hiki kwa hasira. Alikuwa na miaka 12 mwaka 1824 wakati baba yake alipofungwa katika gereza la wadeni la Marshalsea, London, na yeye akapelekwa kubandika karatasi kwenye vikopo vya dawa ya viatu kiwandani. Mwaka 1843 alisoma ripoti ya serikali kuhusu watoto wanaofanya kazi migodini na viwandani, akakusudia kuandika kijitabu cha kuwatetea watoto wa maskini. Septemba mwaka huo alitembelea shule ya watoto fukara ya Field Lane, akaona uchafu na njaa. Oktoba akahutubia Manchester. Kijitabu akakiacha, akaandika hadithi, akaimaliza kwa majuma kama sita. Ilitoka tarehe 19 Desemba 1843 na nakala 6,000 ziliisha kabla ya Krismasi. Akaiita carol, yaani wimbo wa Krismasi, na sura zake tano akaziita kwa jina la ile mistari ambayo juu yake huandikwa noti za muziki. Bei ilikuwa shilingi 5. Bob Cratchit alilipwa shilingi 15 kwa wiki, kwa hiyo mtu ambaye kitabu kinamhusu alihitaji theluthi ya mshahara wa wiki ili akisome. Labda ndiyo sababu hadithi iliwahi kuhamia jukwaani. Februari 1844 ilikuwa tayari inaigizwa kwenye kumbi za London.

Kitovu cha hasira yake kiko kwenye mzuka wa pili. Unapokaribia kuondoka, Scrooge anaona kitu kama ukucha chini ya joho lake. Mzuka unalifunua, na hapo miguuni wamejikunyata watoto wawili, wakavu, wameshikilia nguo. Mvulana ni Ujinga, msichana ni Ufukara. Wa nani hawa? Ni wa wanadamu, mzuka unajibu, na unaonya kwamba wa kuogopwa zaidi ni mvulana. Scrooge anauliza kama hawana pa kukimbilia, na mzuka unamrudishia maneno yake mwenyewe ya jana yake: kwani magereza hayapo? Nyumba za kazi hazipo? Nyumba hizo, chini ya sheria ya mwaka 1834, ndizo walizopelekwa maskini, mume akatenganishwa na mke, mzazi na mtoto, wakafanyishwa kazi kwa chakula cha kubahatisha.

Watoto hao wawili hawamo kwenye filamu ya Muppet. Kauli ya Scrooge kwamba maskini wafe tu wapunguze watu waliozidi duniani imo, na mzuka unamrudishia mbele ya Tiny Tim, na Caine anaipokea kama kofi. Yumo pia sungura mdogo aliyekuja kuimba mlangoni akitaka senti, akafukuzwa, kisha tunamwona usiku amejikunja barabarani anatetemeka kwa baridi. Picha hiyo ni ya sekunde chache, nami naipenda kuliko karibu zote. Lakini sungura anaishia kutumwa kununua bata mzinga, anapata zawadi, anafurahi. Ujinga na Ufukara hakuna wa kuwatuma popote. Walibaki kwenye kitabu, na safari hii hakuna kabati la kwenda kupekua.

Kwa hiyo kilichobaki cha maumivu kwenye filamu hii kilikuwa kidogo na cha thamani, na wimbo wa Belle ulikuwa sehemu yake kubwa.

Desemba moja nilimwekea mtoto wa kaka yangu filamu iliyokatwa, bila kujua tofauti. Alikuwa na miaka saba. Alicheka kwa panya, akajificha nyuma ya mto kwa mzuka wa tatu. Pale Rizzo alipolia aliniuliza, "Shangazi, huyu panya kaumwa?" Sikuwa na jibu la maana.

Mwaka uliofuata nilimtafutia ile kamili. Joto lilikuwa kali, feni inazunguka, tumeketi mkekani na sahani ya chapati katikati yetu. Belle alipoanza kuimba nilimchungulia kwa pembe ya jicho, nikisubiri ajinyonganyonge. Alikaa. Yule babu alipoanza kufuatisha maneno, mtoto aliacha kutafuna. Panya akalia, safari hii hakuuliza kitu.

Tukaenda hivyo mpaka asubuhi ya Krismasi, mpaka mezani kwa Cratchit. Wimbo wa mwisho ukaanza. Sijui kama ulikuwa umefika hata mstari wa pili. Alinigeukia, kipande cha chapati mkononi.

"Shangazi, si ule wa yule dada wa kwenye theluji?"

Nikamwambia ndio huohuo. Akakirudisha kipande sahanini, akasogea karibu na televisheni, akasikiliza mpaka mwisho.